Ubao Wenye Tundu la Ufunguo

Wenzangu mlioanza kazi mwezi uliopita mmeniuliza mara tatu kwa nini ubao wa darasa la pili una tundu la ufunguo. Mara zote tatu nilisema sijui. Nilikuwa nasema uongo. Kitu kile mnachoandikia hesabu za kugawanya ni mlango. Niliuleta mimi mwenyewe kutoka Matrah, mji wa jirani, mwaka 1967, kwa upumbavu wangu, na sasa naondoka nikiwaachia, basi ni haki yenu kujua mnaandika juu ya nini.

Nastaafu chaki. Neno hilo linawachekesha, nami nimewasikia mkicheka: mstaafu wa miaka thelathini na moja. Lakini ndivyo ilivyo. Serikali mpya imegundua kwamba najua Kiingereza, na mwaka huu wa 1970 hapa Maskati mtu ajuaye Kiingereza haachwi darasani, anachukuliwa ofisini kutafsiri barua. Nimeuliza kama ni akili kufungua skuli kwa mkono mmoja na kuwang'oa walimu kwa mkono wa pili. Nikaambiwa nisaini hapa, na hapa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiyo lugha tunayobishania kwenye chai, na wengi wenu mmetoka Mombasa na Dar es Salaam na bado Kiarabu chenu kinachechemea. Ya pili, Mudiri hakisomi. Mudiri, kwa mliofika jana, ndivyo anavyoitwa huku mwalimu mkuu, na huyu wetu ni yuleyule tangu siku yangu ya kwanza.

Siku hiyo ilikuwa mwaka 1964. Nilifika na sanduku moja, shahada moja ya Kampala, na hasira zisizoingia sandukuni. Unguja nilikozaliwa sikuweza tena kurudi. Huku, nilikoambiwa tangu utoto kuwa ndiko kwetu, sikuwahi kutia mguu. Kule walikuwa wakituita Wamanga, huku wakatuita Mazinjibari. Nilimuuliza karani wa bandarini kama kuna mahali pa tatu. Aligonga muhuri.

Mudiri aliishika shahada yangu, akaigeuza akatazama nyuma yake, kama mtu anayetafuta upande ulioandikwa kitu cha maana. Halafu akaniuliza kama naweza kusoma Msahafu kwa tajwidi, kila herufi na haki yake. Nikasema naweza. Akaniuliza kama nina redio. Nikasema sina. Akasema vizuri, na mahojiano yakaisha. Nilipewa darasa la pili: hesabu, jiografia, na kila kitu ambacho mwalimu mwingine hakukitaka. Ramani haikuwapo. Ubao ulikuwa kipande cha mbao kilichopasuka mara tatu, ukiandika saba inaonekana kama moja iliyovunjika mguu. Miaka mitatu nilichora mito ya dunia ukutani kwa mkaa, na kila Alkhamisi nikaifuta kwa kitambaa chenye maji, maana Mudiri alisema ukuta si daftari.

Aliyenifundisha kazi si chuo kikuu. Ni Maalim Khalfan, aliyekuwa akisomesha Kurani katika chumba cha mwisho cha uwani, Mungu amrehemu. Alikaa Pemba, Wete, zaidi ya miaka ishirini, akarudi huku kabla yetu sote, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kipemba hasa, chenye kunukia ugoro aliokuwa akiunusa baina ya sentensi. Alikuwa na hasira za karibu, alichukia maswali, na aliyajibu yote. Aliyonambia nayaandika hapa kwa sababu hayamo katika kitabu chochote mlichopewa. Chaki ivunje mara mbili kabla ya kuandika, ndefu inapiga kelele. Mtoto asiyetulia mkalishe karibu na mlango, umfanye mchota maji, atatulia kwa cheo. Na hili la mwisho: "Ukiwa na hasira, piga meza. Meza haina mama."

Meza yangu ina alama.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1965 Maalim Khalfan alinishika mkono akanambia, njoo nipangie watoto, kuna tamina. Sikujua tamina ni kitu gani, na nilipojua nikaona upuuzi. Mtoto akihitimu Kurani, skuli nzima inamsindikiza kutoka darasani mpaka kwao. Mwenyewe anatangulia mbele, kanzu nyeupe, kilemba, jambia la kuazima kiunoni, anasoma beti za dua, na wenzake nyuma wanaitikia Amin kila ubeti. Jiji zima linajua fulani kahitimu. Nilimuuliza Maalim: mtoto kasoma kitabu, mtaa unahusika vipi?

"Na wewe hiyo shahada yako," akasema, "mbona umeitia katika fremu?"

Nikapanga watoto. Na kwa kuwa mtapanga nyinyi baada yangu, haya ndiyo aliyonifundisha. Wafupi mbele, ili barabara isiwameze. Wale ambao sauti zinaanza kuvunjika wawe katikati, wafichwe. Wenye vifua wawe mkiani, maana Amin inatakiwa isukume kutoka nyuma. Msomaji anakwenda hatua kumi kwa kila ubeti, hakimbii, hageuki nyuma. Mstari hausimami ila msomaji asimame. Dua haikatwi, aliyeisikia, hata kama ni mpita njia mwenye punda, anaitikia. Na ubeti wa mwisho hausomwi njiani. Unasomwa kizingitini kwao mtoto, kwa sababu unamwombea aliyemo ndani. Hapo mama, aliyesimama ndani akisikiliza tangu sauti zilipoingia mtaani, anatoa mkono na kuwamwagia watoto bisi na njugu na peremende.

Ile ya kwanza niliisindikiza nikiwa nimekunja uso. Ya pili nilikunja uso kidogo. Kufika mwaka wa pili nilikuwa nawasahihisha wale wa mkiani kwa ukali kuliko Maalim mwenyewe. Mimi ni mtu wa kuuliza faida ya kila kitu, na faida ya hiki niliiona kwa macho: mtoto ambaye hakuna mtu aliyewahi kumgeukia barabarani, leo skuli nzima inakwenda mpaka kwao kumwambia mama yake, huyu hapa.

Mwaka 1967 aliyehitimu wa mwanzo alikuwa Mabruk.

Mabruk alikuwa na miaka kumi na tatu, mwembamba, na sauti ambayo Maalim Khalfan alisema haikustahili kupewa mtu mwenye kupenda kulala kiasi kile. Alikaa nje ya Lango Kuu la ukuta wa mji, katika vibanda vya makuti ya mtende ambavyo huku huitwa barasti, na mama yake, Bi Zafarani, aliyekuwa akiwafulia watu. Babu wa babu yake aliletwa huku kutoka upande wetu wa bahari, wala hakuletwa kwa hiari. Unguja nako tulikuwa na watu wenye historia hiyo, lakini huku nilikuta jambo hilo halizeeki. Vijana darasani walimwita Mabruk "Makuti". Kinara wao alikuwa Hamed, mtoto wa tajiri wa vitambaa, mrefu, mwenye kifua, na kwa hivyo kwa kanuni za Maalim nafasi yake ilikuwa mkiani.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe Mudiri aliniita. Alisema tamina ya mwaka huu itakwenda mpaka Lango Kuu. Pale Mabruk atasoma ubeti wa mwisho, watoto watarudi, naye atakwenda kwao peke yake kama aendavyo kila siku.

Nilimwambia ubeti wa mwisho ni wa kizingitini. Akasema kibali cha maandamano ni cha ndani ya kuta. Nikaomba kukisoma kibali. Akasema kibali kiko kichwani mwake. Nikamuuliza mbona mwaka uliopita tulitoka nje ya kuta tukaenda mpaka Sidab, nyumbani kwa mtoto wa nahodha, na kibali kikatoshea. Hapo akavua miwani yake, akaifuta, akasema kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni mila za nyumbani:

"Ustadh, tamina huishia mlangoni. Kibanda cha makuti hakina mlango. Kina gunia."

Nilitoka nikapiga meza mpaka wino ukamwagika. Mwaka mzima niliosoma mantiki Kampala uliniamkia kichwani. Nikajiambia: huyu mtu kajifunga mwenyewe. Hoja yake yote imesimama juu ya kitu kimoja, hakuna mlango. Kiondoe hicho, hoja inaanguka. Pakiwa na mlango atasema nini tena?

Matrah kulikuwa na nyumba ya zamani inabomolewa nyuma ya soko. Nikaenda, nikaupata ubao mmoja wa mlango, mti wa msaji, mzito, una tundu la ufunguo wa kizamani linaloingia dole gumba. Sisi watu wa Unguja tuna wazimu wetu na milango. Nyumba itavuja, ukuta utaoza, lakini mlango utasifiwa mpaka wajukuu. Nilimkodi mtu na punda. Nilipopita skuli kumwonyesha Maalim Khalfan, aliuzunguka mara moja.

"Umemuuliza mwenyewe?" akasema.

Nikamwambia nataka imjie ghafla, iwe furaha. Alinusa ugoro, akapiga chafya, akarudi darasani.

Bi Zafarani nilimkuta anaanika nguo za watu. Alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe, cha kurithi, chenye maneno ambayo mimi niliyasikia kwa bibi yangu tu. Nilimweleza kila kitu. Nilimweleza vizuri mno, hatua kwa hatua, aliyosema Mudiri na nitakavyomjibu, na jinsi mlango huu utakavyomfunga kinywa. Mwenye punda alikuwa tayari ameanza kufungua kamba.

Aliniacha mpaka nikamaliza. Halafu akauliza, "Huyo bwana kasema mimi sina mlango?"

"Ndivyo alivyosema, Bi Zafarani."

"Na wewe ukamwitikia."

Nikasema sikumwitikia, nimebishana naye, ndiyo maana nimeleta—

"Ukamwitikia, mwanangu. Ungekuwa humkubali, ungekuja mikono mitupu." Aliweka chini kapu la nguo. Akaenda kwenye kibanda, akalinyanyua lile gunia, akaingia ndani. Likashuka nyuma yake. Halafu akalinyanyua tena akatoka. "Naingia na kutoka hapa tangu nilipoolewa. Mabruk katolewa hapa siku ya saba, kaingizwa hapa alipotahiriwa. Baba yake katolewa hapa juu ya jeneza. Wewe unapaitaje?"

Nilimwashiria mwenye punda aache kamba.

"Mimi nna swali moja tu," akasema. "Siku hiyo, nifagie au nisifagie? Maana nikifagia na watu wasije, wa huku watanicheka mpaka mwakani. Na nisipofagia mkaja, nitajicheka mwenyewe mpaka kufa."

Nikasema, "Inshallah, Bi Zafarani."

"Inshallah ya kweli, au ile ya Mazinjibari?"

Mwenye punda alicheka. Tukaufunga mlango tena juu ya punda, tukarudi nao mjini, na njia nzima nilitembea nyuma ya tundu la ufunguo. Nataka niseme ukweli hapa, maana hasira isiyojigeukia mwenyewe ni kelele tu. Babu yangu alikuwa na shamba la karafuu. Nyuma ya nyumba ya shamba kulikuwa na vibanda vya watu, nami utotoni nilicheza baina yake kila msimu. Nimejaribu kukumbuka milango yao ilikuwaje. Sikumbuki. Sikuwahi kutazama. Huo upofu niliubeba na shahada yangu, katika sanduku lilelile.

Nilibaki na siku nne. Nilikwenda kwa Mudiri mara mbili nyengine, akanipokea mara mbili kwa kahawa, na jibu likawa lilelile. Alisema nikiwapitisha watoto langoni, kazi sina, na mtu asiye na kazi wala kabila lenye kumdhamini hapa mjini hana sababu ya kuwapo. Niliandika hotuba ya kurasa nne nimsomee palepale langoni mbele za watu. Usiku sikulala kwa ajili yake, mchana nikaipunguza zikawa kurasa tatu. Maalim Khalfan yeye hakuandika chochote. Aliwapanga watoto uwani, akawaendesha mbele na nyuma mpaka vumbi likatuingia puani, akikariri kanuni zake zilezile: hageuki nyuma, mstari hausimami, dua haikatwi. Nilimuuliza ana mpango gani. Akasema mpango wake ni watoto wasikosee.

Siku yenyewe tulitoka baada ya Alasiri. Jambia Mabruk aliazimwa na Maalim, lilikuwa kubwa, likamfanya atembee ametanguliza tumbo. Beti zilikwenda sawa. Wenye maduka walisimama vizingitini wakaitikia, Mhindi wa viungo naye akainuka kwa adabu, na Amin ya mkiani ilikuwa inapiga kuta za nyumba na kurudi. Nilimsikia Hamed juu ya wote. Sikujua alikuwa anaitikia au anashindana.

Mudiri alikuwa amesimama katikati ya Lango Kuu, bakora mkononi, askari wawili wa lango nyuma yake. Alinyanyua mkono. Mabruk akasimama, kwa hivyo mstari ukasimama. Nikaingiza mkono mfukoni, nikazishika kurasa zangu tatu, na mkono ukabaki humohumo. Nataka mlijue hili, nyinyi mnaonisifu kwenye chai kwamba mimi siogopi mtu. Ulibaki humohumo.

"Ubeti wa mwisho," Mudiri akasema. "Soma hapa."

Mabruk alitazama mbele yake. Alisema kwa sauti ndogo, ya adabu, kama anayejibu swali la darasani:

"Ubeti wa mwisho ni wa aliyemo ndani, ya ustadh. Hapa ndani hamna mtu."

Watu walikuwa wamekusanyika. Mudiri akawaona wanamtazama. Akasema kwa haraka, ili yaishe, "Basi soma wa kabla yake."

Nafikiri mpaka leo hajajisamehe kwa maneno hayo. Mabruk akausoma ubeti wa kabla ya mwisho. Na kwa kuwa alikuwa amefundishwa kwamba msomaji akisoma anatembea, akatembea. Hatua kumi. Zilimfikisha mbele ya kifua cha Mudiri na ubeti ukaisha, na nyuma watoto wote wakaitikia Amin. Askari mmoja akaitikia. Mabruk akauanza tena ubeti uleule, wa kabla ya mwisho, kama alivyoamrishwa, na akatembea.

Sasa fikirini. Mtoto anakujia anamwomba Mungu kwa sauti, kafunga macho nusu, na jiji linasikiliza. Utaweka bakora yako wapi? Dua haikatwi. Mudiri alijua hivyo kuliko mimi, yeye ndiye aliyeniuliza tajwidi siku ya kwanza. Alirudi nyuma hatua moja, halafu akaenda pembeni. Na ubeti ulipoisha, nilimwona mdomo wake ukisogea. Aliitikia. Hakuwa na namna.

Tukapita. Wafupi kwanza, halafu waliovunjika sauti, halafu vifua. Ubeti mmoja tu, ukirudiwa na kurudiwa, kutoka langoni mpaka vibandani. Watu wa barasti walitoka wakasimama kando. Nadhani hawakuwahi kuona kitu hicho kikija upande wao.

Bi Zafarani alikuwa amefagia.

Sikumpa jibu, naye hakulingoja. Alikuwa amefagia kuanzia kwenye gunia mpaka njiani kabisa, akanyunyiza maji, mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi, imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Watoto wa mbele walisita kuikanyaga. Mabruk akafika, akasimama, akausoma ubeti wa mwisho. Ile Amin sijaisikia tena mfano wake, na aliyeitoa kuliko wote alikuwa Hamed, shingo imemtoka mishipa. Gunia likasogea kidogo, mkono ukatoka, na bisi zikamwagika juu ya vilemba. Kisha mkono uleule ukaniashiria mimi.

Nilisogea. Sauti ikasema kutoka ndani, "Leo umekuja bila mlango, mwalimu. Karibu."

Nilidhani nitafukuzwa siku ya pili yake. Sikufukuzwa. Mudiri hangeweza kuandika kosa lenyewe ni lipi: mtoto alisoma alichoambiwa asome. Alichofanya ni kuninyang'anya tamina. Miaka miwili iliyofuata watoto walipangwa na mtu mwengine, waliishia pale alipotaka yeye, na Maalim Khalfan akawa anaumwa kila siku ya tamina, ugonjwa ambao siku ya pili yake haukuonekana. Alifariki mwaka jana. Mabruk naye aliondoka, kwa sababu baada ya darasa letu la mwisho hapakuwa na darasa jengine nchi nzima la kumpokea, si yeye wala Hamed. Yuko Kuwait, dukani kwa watu, anasoma jioni. Mvulana mwenye kichwa kile anapanga makopo. Mtu akinambia mwaka huu kwamba elimu imeanza nchini, namuuliza: na hao walioikosa juzi, mtawarudishia kwa meli gani?

Mlango niliupaka rangi nyeusi nikautundika darasani. Mudiri aliuliza umetoka wapi. Nikamwambia ni wa nyumba isiyouhitaji. Ni ubao bora kuliko wote skuli hii, msaji haupasuki. Jihadharini tu na lile tundu, watoto hutia humo vipande vya chaki. Bawaba pia msizing'oe; zinafaa kutundikia kitambaa cha kufutia.

Ningeondoka kimya, lakini wiki iliyopita tumekalishwa kikao. Mnajua, mlikuwapo. Mudiri, ambaye mwaka huu anavaa saa mpya na kusema neno "turathi", yaani urithi wa mababu, kila baada ya dakika tano, ametangaza kwamba tamina ni fahari yetu na itafanywa rasmi: uwanjani hapa skuli, viti vimepangwa, wakubwa wamealikwa, mpiga picha yupo. Aliyehitimu mwaka huu atazunguka uwanja mara moja, asome beti zote, watu wapige makofi. Mliandika yote madaftarini. Hata mmoja hakuuliza aliyehitimu ni nani na kwao ni wapi.

Nimeuliza mimi. Ni Shamsa, wa darasa jipya la wasichana lililofunguliwa juzi juzi, amesomeshwa Kurani na bibi yake. Anakaa hapa kwa ami yake kwa ajili ya skuli, lakini kwao ni Amerat, nyuma ya milima. Juzi nilikwenda na gari la mizigo mpaka huko. Njia ni mbaya, mawe matupu. Bibi yake ni mtu mzima sana, haoni vizuri. Nilimwamkia, akaniuliza mimi ni nani, nikasema mwalimu wa skuli, nimekuja kupongeza. Halafu akaniuliza kwa Kiarabu, swali lilelile, neno kwa neno, kana kwamba yeye na Bi Zafarani walikaa wakapatana: siku hiyo, afagie?

Mimi safari hii nilikwenda mikono mitupu, na nilikuwa na jibu. Lakini Jumamosi naanza kutafsiri barua, na tamina ni Jumatatu, kwa hivyo jibu mtalitekeleza nyinyi. Gari la mizigo linachukua watoto ishirini na tano wakibanana. Wateremsheni kwenye ukingo wa wadi wa mwisho, lile bonde la mto, wakunje kanzu, wapangeni: wafupi mbele, vifua mkiani. Mumwache Shamsa atangulie, na atakayesema sauti ya msichana haitangulii mumwambie kibali kiko kichwani mwenu. Viti vya uwanjani waachieni wakubwa, wapigwe picha navyo.

Nimemwambia afagie.